Namna ya kuandika historia ya shule ya msingi ya mtaani kwenu

Ubao wa getini huandika mwaka mmoja tu: "Ilianzishwa 1974". Ukiingia ofisini, hati ya usajili inataja mwaka mwingine. Jiwe la msingi ukutani lina wa tatu, na bibi anayeuza maandazi nje ya uzio anaapa kwamba yeye alisoma hapo kabla ya Uhuru. Mara nyingi wote wanne wanasema kweli. Shule ya msingi huzaliwa zaidi ya mara moja: siku masomo yalipoanza chini ya mwembe au kwenye banda la kanisa, siku serikali ilipoisajili, siku jengo la kwanza la kudumu lilipoezekwa, na siku ilipopewa jina ililonalo sasa. Anayeandika historia ya shule kazi yake ya kwanza ni kuzitenganisha tarehe hizo nne, kila moja na ushahidi wake. Tenga kurasa nne za daftari tangu siku ya kwanza, tarehe moja kila ukurasa, na kila unachosikia au kusoma kiandike kwenye ukurasa wake pamoja na mahali ulipokipata.

Maelekezo haya yanahusu shule za serikali za Tanzania Bara. Zanzibar ina nyaraka zake, zilizohifadhiwa Kilimani, na kalenda yake: elimu bila malipo ilitangazwa huko Septemba 1964, miezi michache baada ya Mapinduzi. Mbinu za kusoma rejesta na kuzungumza na wazee ni zilezile. Kwa watu watatu au wanne wanaofanya kazi hii Jumamosi, miezi mitatu hadi minne inatosha. Mtu mmoja peke yake ataimaliza kwa mwaka, na atachoka.

Ruhusa kabla ya kitu chochote

Mwalimu mkuu ana funguo za kabati, lakini vitabu ni vya serikali. Andika barua kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, u.f.s. (yaani ipitie) kwa Afisa Elimu Kata na Mwalimu Mkuu, na nakala kwa mtendaji wa mtaa. Taja vitabu unavyotaka kuviona kwa majina, sema utavisomea palepale shuleni bila kuvitoa nje, na ahidi kuiachia shule nakala ya picha zote utakazopiga. Ahadi hiyo ya mwisho ndiyo hufungua milango. Shule nyingi zimeshawahi kuchukuliwa picha na vitabu na watu wasiorudi, na walimu wanakumbuka.

Usiende Januari, wakati wa kuandikisha darasa la kwanza, wala wiki za mtihani wa darasa la saba mwezi wa Septemba. Aprili na Julai ni miezi mizuri.

Rejesta ya kuandikisha

Huu ndio uti wa mgongo wa kazi yote. Ni daftari kubwa la jalada gumu, kurasa mbili zinazotazamana zikisomwa kama mstari mmoja. Safu zake hubadilika kidogo kutoka enzi hadi enzi, lakini utakuta namba ya kuandikishwa, jina la mwanafunzi, mwaka wa kuzaliwa, jina la mzazi au mlezi na kazi yake, mahali anapoishi, tarehe ya kuingia na darasa alilopokelewa, shule aliyotoka kama amehamia, kisha tarehe na sababu ya kuondoka.

Anza na namba ya kuandikishwa. Namba hiyo haianzi upya kila Januari. Inaendelea mwaka hadi mwaka, na kitabu kikijaa inaendelea kwenye kitabu kinachofuata. Kwa hiyo fungua rejesta kongwe kuliko zote na utazame namba ya juu kabisa ya ukurasa wa kwanza. Ikiwa ni 1, na watoto wote wa siku ile wamepokelewa darasa la kwanza, unacho kitabu cha mwanzo. Ikiwa ni, tuseme, 1,214, kuna kitabu kilichotangulia na bado hujakipata. Kitafute stoo, nyumbani kwa familia ya mwalimu mkuu wa zamani, au kwenye shule jirani. Ikiwa ni 1, lakini watoto wamepokelewa darasa la kwanza, la pili, la tatu na la nne tarehe moja, basi shule hiyo haikuanza kwa watoto wapya. Imemegwa kutoka shule mama, au imehama na watoto wake kutoka kiwanja kingine. Safu ya "shule aliyotoka" itakutajia mama ni nani. Nenda huko na barua yako, kwa sababu miaka ya mwanzo ya shule yenu imelala kwenye kabati lao.

Tazama mwandiko pia. Rejesta halisi huonyesha mikono mingi: mwalimu huyu ana herufi za kulala, yule anaandika kwa wino wa bluu, mwingine kwa kalamu inayovuja. Ukikuta miaka sita mfululizo imeandikwa kwa mkono mmoja na wino mmoja, bila kufutwa hata mahali pamoja, hiyo ni nakala. Mtu aliiandika upya baada ya mchwa au mvua kuharibu ya kwanza. Nakala ina thamani, ila majina yameweza kukosewa na wanafunzi waliokwisha kuondoka wakati huo wameweza kuachwa. Eleza kwenye maandishi yako kwamba takwimu za miaka hiyo zimetoka kwenye nakala.

Miaka ya kuzaliwa usiitegemee sana. Watoto wengi waliandikishwa bila cheti cha kuzaliwa, na mwalimu alikadiria kwa kumtazama mtoto. Ukiona darasa zima limezaliwa mwaka mmoja, huo ni mkadirio.

Kwenye kompyuta usinakili majina yote. Tengeneza jedwali la safu tano: mwaka, wavulana walioandikishwa, wasichana, waliohamia, na walioondoka kabla ya kumaliza. Mstari mmoja kwa kila mwaka. Kisha, kama una muda, ongeza safu ya kazi za wazazi. Safu hii watu huiruka, na ni hasara kubwa, kwa maana pale ambapo "mkulima" inaanza kupungua na "dereva", "karani", "fundi cherehani" na "mfanyabiashara" zinaongezeka, unaona kwa macho shamba likigeuka mtaa.

Fanya pia hesabu ya darasa la saba. Shule iliyofunguliwa Januari 1975 kwa darasa la kwanza pekee haiwezi kutoa wahitimu kabla ya 1981. Mzee akikuambia wahitimu wa kwanza walikuwa wa 1977, basi mwaka 1975 tayari palikuwa na darasa la tano. Shule ilianza mapema kuliko ubao unavyosema, au ilipokea watoto wa shule nyingine. Hesabu hii ndogo hugundua makosa mengi kuliko nyaraka zote za Taifa.

Vitabu vingine vya kabatini

Kitabu cha kumbukumbu za shule, ambacho walimu wa zamani hukiita logibuku, kina matukio kwa tarehe: mwalimu mpya ameripoti, upepo umeezua paa, kipindupindu, shule imefungwa, mgeni amekuja. Kisome chote, hata kurasa zinazochosha. Kitabu cha wageni kina saini na vyeo, na vyeo vinasaidia kupata tarehe pale mwaka ulipofutika. Mihtasari ya Kamati ya Shule ndimo utakamoona nani alichangia tofali ngapi na nani alipinga. Stoki leja ina madawati, majembe, vitabu na mipira, na inaonyesha lini shule ilikuwa na kitu na lini haikuwa nacho. Ripoti za ukaguzi, ambazo leo ni za Uthibiti Ubora wa Shule, ni ushahidi mzuri wa hali ya majengo, kwa sababu mkaguzi alihesabu. Fomu za TSM zina takwimu za kila mwaka za wanafunzi, walimu, matundu ya vyoo na madawati. Madaftari ya mahudhurio ya zamani kwa kawaida hayapo tena. Usipoteze siku kuyatafuta.

Namna ya kupiga picha. Weka kitabu mezani karibu na dirisha, mwanga uingie kutoka upande mmoja, flashi izimwe. Anza na jalada, kisha kila ukurasa kwa mpangilio, hata ulio mtupu, ili baadaye ujue haukurukwa. Weka rula pembeni ya ukurasa. Picha zipe majina siku hiyohiyo, kwa mfano rejesta2_1978-1984_uk045, kwa sababu baada ya wiki mbili picha 600 zenye majina ya simu hazisomeki. Nakala moja ibaki kwenye simu, ya pili kwenye kompyuta, ya tatu kwenye flashi itakayokaa shuleni.

Daftari likiwa limelowa au limeshikana, usilianike juani. Jua hukunja karatasi na kufifisha wino. Litandaze kivulini penye hewa, tia karatasi tupu kila baada ya kurasa kadhaa na uzibadilishe zikilowa. Kurasa zilizoshikana zisivutwe kwa nguvu. Ukikuta pini na stepo zenye kutu, ziondoe polepole, kutu hula karatasi. Selotepu usiiweke kabisa: baada ya miaka michache gundi inageuka kahawia na kuondoka na maandishi. Namba zozote unazoongeza ziandike kwa penseli. Mwisho, vitabu visirudishwe sakafuni wala kugusa ukuta. Mchwa hupandia ukutani, na rafu iliyoinuliwa sentimita 15 na kuachwa mbali kidogo na ukuta inaokoa vitabu kuliko dawa.

Kalenda ya kupimia unachoambiwa

Shule yoyote ya mtaani imebebwa na mawimbi machache ya nchi. Ukiyajua, utaona mara moja tarehe ipi inawezekana na ipi haiwezekani.

Wakati wa Wajerumani shule za serikali zilikuwa chache, ya Tanga ya miaka ya 1890 ikiwa ya kwanza, na nyingi zilikuwa za misheni. Ukiona malipo yametajwa kwa rupia na heller, upo kwenye miaka hiyo au mwanzoni kabisa mwa Waingereza. Chini ya Waingereza shule zilitengwa kwa rangi: za Waafrika, za Waasia na za Wazungu. Za Waafrika nazo ziligawanyika: za serikali kuu, za misheni, na za serikali za wenyeji. Mwisenge ya Musoma, alikoanza Julius Nyerere mwaka 1934, ilikuwa ya aina hii ya mwisho. Utengano wa rangi ulifutwa kuanzia Januari 1962. Kwa hiyo shule ya katikati ya mji yenye jiwe la maandishi ya Kigujarati haikujengewa watoto wa mtaa unaoizunguka leo, na rejesta yake itaonyesha mwaka gani majina yalianza kuchanganyika.

Mzee anayesema "nilimalizia la nne" hakuacha shule. Shule nyingi za msingi ziliishia darasa la nne, na waliochujwa na mtihani hawakuwa na pa kwenda; wachache walioendelea walikwenda shule ya kati, darasa la tano hadi la nane. Darasa la nane lilifutwa katikati ya miaka ya 1960. Mwaka 1967 ulileta Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea: hapo ndipo shamba la shule, mabanda ya kuku na kitabu cha mapato ya EK vinapoanza kuonekana kwenye kumbukumbu. Sheria ya Elimu ya 1969 iliziweka shule za mashirika ya dini mikononi mwa serikali, na baadhi ya majina ya watakatifu yaliondoka wakati huo. Ada ya shule ya msingi ilifutwa 1973. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliweka lengo la kila mtoto awe shuleni ifikapo Novemba 1977, ndiyo UPE, na operesheni ya vijiji ilikuwa inaendelea miaka hiyohiyo. Ndiyo maana nchi imejaa shule zilizoandika 1974, 1975, 1976 na 1977 getini. Baadhi zilianza kweli miaka hiyo. Nyingine zilikuwa na maisha marefu nyuma yake na zilipewa tu usajili au madarasa mapya. Ukikutana na moja ya tarehe hizi, chimba zaidi.

Baada ya hapo: michango ya wazazi na ada zilizorudi miaka ya 1980 na 1990, MMEM (Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi) ya 2002–2006 iliyoziondoa tena ada na kujenga madarasa kila kona, elimu bila malipo ya Januari 2016, na madarasa ya BOOST, mradi wa serikali wa kuboresha shule za msingi, ya miaka ya 2020. MMEM na elimu bila malipo zote zilifurisha darasa la kwanza, na shule nyingi za mijini zilimegwa kwa sababu hiyo. Kama kiwanja kimoja kina shule mbili, ofisi mbili na mlingoti mmoja wa bendera, tafuta mwaka wa mgawanyo katika vipindi hivi viwili kwanza.

Kusoma majengo

Zunguka kiwanja chote na daftari la mistari. Chora ramani ya mkono: kila jengo lipe herufi, pima urefu kwa tepu, andika kuta za nini, paa la nini, madirisha ya nini. Majengo huficha mpangilio wake kwenye maungio. Mahali ambapo ufa ulionyooka unashuka wima kutoka kwenye kenchi hadi kwenye msingi, hapo ukuta mpya umeegeshwa kwenye wa zamani. Tofali zilizofumana hupasuka kwa kupinda, lakini kuta mbili zilizojengwa miaka tofauti huachana kwa mstari. Chungulia ndani ya dari: mbao nyeusi zilizochongwa kwa shoka na mbao nyeupe za msumeno haziwezi kuwa za mwaka mmoja. Chini ya rangi ya ukutani, karibu na ubao, utaona tabaka za rangi za zamani pale lipu ilipobanduka. Zihesabu na uzipige picha.

Mawe ya msingi na mawe ya Mwenge wa Uhuru yanakiliwe neno kwa neno, pamoja na makosa yake. Kumbuka lakini kwamba jiwe hutaja sherehe, na sherehe huweza kuja baada ya darasa kutumika miaka miwili, au kabla halijaanza kujengwa.

Kengele nayo usiipite. Shule nyingi hutumia rimu ya gari au kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini. Ipige picha, pima, na soma maandishi yaliyogandishwa kwenye chuma, maana reli mara nyingi ina jina la kiwanda na mwaka. Mwaka huo ni wa reli, si wa shule, lakini swali la "ilikuja lini, nani aliileta?" huwafungua wazee mdomo kuliko swali lolote la tarehe.

Kuzungumza na wazee na walimu wastaafu

Lenga watu 12 hadi 15, nusu wanawake. Kila enzi iwe na watu wawili angalau. Tafuta pia wale wasio na vyeo: mpishi wa uji, mlinzi, fundi aliyeezeka, mama aliyekaa Kamati ya Shule. Wao hukumbuka yale ambayo mwalimu mkuu hakuyaandika.

Nenda na mtu anayefahamika nyumbani hapo. Salamu kwanza, shikamoo na habari za familia, na usitoe simu ya kurekodi mpaka umeeleza unachofanya na umepewa ruhusa kwa maneno. Mwalimu mstaafu mwite Mwalimu, hata kama ameacha kazi miaka 30 iliyopita. Simu iwekwe kwenye hali ya ndege, juu ya kitambaa ili meza isitoe mlio, kiasi cha nusu mita kutoka kwa msemaji. Mwanzoni mwa kurekodi taja tarehe, mahali na aliyepo. Dakika 60 hadi 90 zinatosha. Mzee akichoka, rudi siku nyingine. Kurudi kwenyewe kuna faida, kwa sababu usiku atakuwa amekumbuka.

Swali baya ni "shule ilianzishwa mwaka gani?" Atakutajia wa kwenye ubao. Uliza vitu alivyovigusa. Mlikuwa mnakalia nini? Mliandikia nini? Nani alikufundisha a-e-i-o-u? Kengele ilikuwa nini? Maji mliyachota wapi? Njia ya kwenda shule ilipita wapi? Viboko vilitolewa kwa kosa gani? Shamba lilikuwa upande gani, na mavuno yalikwenda wapi? Kisha funga majibu kwenye matukio ambayo tarehe zake hazina ubishi: Uhuru, Desemba 1961, Azimio la Arusha, Februari 1967, vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, kifo cha Sokoine, 12 Aprili 1984, mvua za El Niño, 1997 na 1998, kifo cha Mwalimu Nyerere, 14 Oktoba 1999. "Sokoine anafariki, ulikuwa darasa la ngapi?" Hapo unapata mwaka bila kumlazimisha mtu akisie.

Kosa linaloharibu mahojiano mengi ni kukaa na wazee watano pamoja. Mwenye sauti kubwa anaweka tarehe na wengine wanaitikia. Zungumza na kila mmoja peke yake kwanza, ndipo uwakutanishe mwishoni, uwaonyeshe ramani ya kiwanja uliyoichora na uwaache wabishane. Rekodi ubishi huo wote.

Nyaraka za nje ya shule

Kabla hujaenda Nyaraka za Taifa, ambazo ofisi yake ya Dar es Salaam iko Upanga, jua shule yenu ilikuwa chini ya nani kila wakati. Hapa ndipo wengi hurudi mikono mitupu: wanatafuta jina la leo kwenye faili la jana. Enzi za Waingereza nchi ilikuwa na majimbo. Dar es Salaam na Morogoro zilikuwa Jimbo la Mashariki, Mwanza na Musoma Jimbo la Ziwa, Moshi na Arusha Kaskazini, Tabora na Kigoma Magharibi, Dodoma na Singida Kati, Iringa na Mbeya Nyanda za Juu za Kusini, Lindi na Songea Kusini, na Tanga lilikuwa na jimbo lake. Mikoa nayo imegawanyika: Manyara ilitoka Arusha mwaka 2002, Geita, Simiyu, Njombe na Katavi zilianzishwa 2012, Songwe ilitoka Mbeya 2016. Dar es Salaam, shule ya Kigamboni itakuwa kwenye faili za Temeke, na ya Ubungo kwenye za Kinondoni. Halmashauri zilivunjwa 1972 na kurudishwa kikamilifu 1984, kwa hiyo katikati hapo tafuta kwenye faili za wilaya na mkoa.

Majina ya barabara fanya hivyohivyo. Barua inayosema shule ipo Mtaa wa Kichwele, Dar es Salaam, inazungumzia Barabara ya Uhuru ya leo. Acacia Avenue iligeuka Independence, kisha ikawa Samora.

Nyaraka za Taifa wataka barua ya utambulisho na kitambulisho. Mafaili hufunguliwa kwa wasomaji yakishatimiza miaka 30. Omba faili za elimu za jimbo na wilaya yenu, na vitabu vya wilaya walivyoandika maofisa wa Kiingereza. Ndani yake mna orodha za shule, machifu waliotoa ardhi na ada zilizotozwa. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, sehemu ya East Africana, ina ripoti za mwaka za Idara ya Elimu na magazeti ya zamani. Mambo Leo, lililoanza 1923 chini ya Idara ya Elimu, ni zuri kwa habari za shule za kabla ya Uhuru. Kama shule ilikuwa ya misheni, nenda parokiani au dayosisi: Mapadre Weupe waliandika shajara ya kila siku katika vituo vyao, na mashirika mengine yana barua na picha. Baadhi ya shajara hizo ni za Kifaransa au Kijerumani, hivyo tafuta msomaji mapema.

Ramani ya kiwanja na umiliki wake utaipata idara ya ardhi ya halmashauri. Hapa tembea taratibu. Suala la nani alitoa ardhi ya shule huweza kuwa na kesi inayosubiri, na sentensi yako moja itapelekwa mahakamani. Usiandike "eneo lilitolewa na familia fulani" kwa sababu wazee wawili wamesema. Andika wamesema nini, wangapi wamesema, na karatasi zinasema nini, kisha uache hapo.

Kuandika, na yale ya kutoandika

Rejesta ina safu ya sababu za kuondoka. Utasoma utoro, ugonjwa, mimba, kufukuzwa, amefariki. Wale watoto wengi wao bado wapo mtaani, ni mama na baba wa watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakubana, na hata isingekuwepo, heshima ingekubana. Toa idadi, majina yaache. Unaweza kuandika kwamba katika miaka kumi wasichana kadhaa waliondolewa kwa ujauzito, na inafaa kuandikwa, kwa sababu ni sehemu ya historia ya shule. Nani walikuwa, hapana. Majina ya walimu wakuu na miaka yao yaandikwe yote bila kuruka hata wa miezi mitatu. Picha ya darasa la zamani ichapishwe baada ya kuwaonyesha walio hai na kuwapata wanaokubali majina yao yatajwe.

Kwa kila mwaka wa mashaka tumia maneno yanayopima uzito: "rejesta inaonyesha", "jiwe linasema", "wazee watatu wanakumbuka". Zile tarehe nne za kuzaliwa zipe ukurasa wake mbele kabisa ya kijitabu, kila moja na ushahidi wake, na ile isiyopatikana iachiwe nafasi tupu.

Kijitabu cha saizi ya A5 kinachofungwa kwa stepo katikati lazima kurasa zake zigawanyike kwa 4: 24, 28 au 32. Ukifika 30, mchapaji atakupa kurasa mbili tupu au atakubana. Rasimu ipelekwe kwanza kwa mwalimu mkuu, Kamati ya Shule na wazee wote uliozungumza nao. Asiyesoma asomewe. Wape wiki mbili, na kila sahihisho liandikwe nani kalitoa. Ukitaka ISBN, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na nakala wapelekee. Nyingine zibaki shuleni, kwa Afisa Elimu Kata, ofisi ya mtaa, na nyumbani kwa kila mzee aliyezungumza.

Siku ya mwisho rudisha vitabu kwa mpangilio wa miaka, sio kwa ukubwa. Andika orodha ya kurasa mbili: jina la kitabu, miaka yake, namba ya kwanza na ya mwisho ya kuandikishwa, na hali yake. Wewe na mwalimu mkuu muisaini, nakala moja ibandikwe ndani ya mlango wa kabati, na flashi yenye picha iwekwe kwenye bahasha juu ya rejesta ya kwanza.